Ipande Kwanza, Ndipo Ulipe

(Muziki wa kipindi unaingia, kisha unashuka taratibu)

MTANGAZAJI: Karibuni nyote mnaotusikiliza hapa Kakuma, Kalobeyei na popote mlipo.

Wiki hii kijana mmoja ametuuliza swali. Amepata baiskeli kuukuu sokoni, anataka kubeba abiria. Muuzaji anamwambia, "Lipa kwanza, utaipanda ikiwa yako." Afanye nini?

Ndugu yangu, usilipe.

Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta. Nilipomaliza kidato cha nne nilinunua baiskeli iliyopakwa rangi mpya, nyekundu, inang'aa. Muuzaji alisema watu wawili wengine wanaitaka, nami nikaona haya kuomba kuijaribu. Siku ya tatu nilimbeba mama mmoja na unga wake wa mgao. Tulipoteremka kuingia laga, ule uma wa mbele unaoshika gurudumu ulikatika. Rangi ilikuwa imeficha mahali palipochomelewa. Mimi nilichubuka magoti. Mama yule alivunjika mkono. Pesa zangu zilipotea, lakini kinachoniuma hadi leo ni ule mkono.

(Muziki mfupi)

Basi tufanyeje? Kabla ya kupanda, igeuze baiskeli, magurudumu yawe juu. Zungusha kila gurudumu ukitazama ringi inavyopita kati ya mipira ya breki. Ikiyumba, imepinda au spoku zimelegea. Pitisha kidole kwenye maungio ya fremu, utafute uvimbe au ufa chini ya rangi. Shika pedali uzitikise kushoto na kulia. Zikicheza, huenda gololi za ndani zimekwisha. Tazama na tairi: kama nyuzi zinaonekana, miiba ya mathenge itakufanya mteja wa fundi kila siku.

Isimamishe tena. Bana breki ya mbele uisukume, kisha fanya hivyo kwa breki ya nyuma. Gurudumu likiendelea kuzunguka, usipande hadi fundi aitengeneze.

Sasa panda. Usizunguke kibanda mara moja ukarudi. Endesha kama dakika kumi, penye kokoto, penye mchanga na penye mwinuko. Njia ikinyooka, legeza mikono kidogo bila kuachia usukani. Ikikuvuta upande mmoja, huenda fremu imepinda. Kwenye mwinuko kanyaga kwa nguvu. Cheni ikiruka, huenda meno yamelika.

Kisha mpakie rafiki nyuma, au jerikeni ya lita 20 iliyojaa maji. Baiskeli tupu hudanganya, mzigo ndio husema kweli. Breki inayokusimamisha wewe peke yako huenda isiwasimamishe wawili.

Na wewe ambaye hujui kupanda, unamnunulia mwanao au mumeo, usiende peke yako. Mchukue fundi au jirani anayejua akuendeshee. Bei ya chai utakayompa ni ndogo kuliko hasara.

(Muziki mfupi)

Tumwelewe muuzaji naye. Anaogopa kwamba ukipanda hutarudi. Hofu hiyo ina haki yake, na dawa yake ipo. Mwombe kiongozi wa bloku yenu au mfanyabiashara mnayemwamini nyote wawili ashike pesa hadi urudi. Au mwache ndugu yako akae na muuzaji pale pale. Ila msikilizaji, usiweke rehani kadi yako ya chakula wala karatasi za familia. Baiskeli utapata nyingine. Karatasi zikipotea, nyumba nzima itahangaika.

Mkubaliane pia kabla ya kupanda: ukianguka ukaiharibu, nani atatengeneza? Neno hilo likisemwa mapema huzuia ugomvi.

Ukiridhika, andikeni karatasi: jina la muuzaji, jina lako, bei, tarehe na namba iliyogongwa kwenye fremu. Mara nyingi namba hiyo iko chini, karibu na pedali. Mashahidi wawili watie sahihi. Ukikuta namba imekwanguliwa, iache baiskeli hiyo. Isije ikawa ya wizi, ukaitwa wewe mwizi.

Na muuzaji akikataa kabisa usiipande? Mshukuru, uende zako. Anayejua baiskeli yake ni nzima hupenda uipande, kwa kuwa ukishuka utaongeza hata bei.

Kijana wetu, usione haya kama nilivyoona mimi. Haya yangu ilimvunja mtu mwingine mkono. Wewe abiria wako atakaa nyuma akikuamini, hataitazama fremu. Itazame kwa niaba yake.

Kwa leo naishia hapa. Mwambie na jirani asiye na redio. Kwaherini.

(Muziki unapanda hadi mwisho)