Jiko la Makaa Wakati wa Baridi



Miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo ya baridi kali katika Bonde la Ufa. Nakuru una kimo cha mita 1,850 hivi juu ya bahari. Huko juu Molo na Mau Narok asubuhi nyingine majani ya viazi huonekana yameungua kwa jalidi. Basi mtu hufunga dirisha, huziba nyufa kwa matambara, kisha huingiza jiko la makaa chumbani alalamo. Hapo ndipo hatari ilipo. Makaa yawakapo mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Wengi huliwasha jiko nje, na moshi ukiisha huliingiza ndani wakidhani kwamba sasa ni salama. Sivyo, makaa mekundu yasiyo na moshi huua vilevile. Kichwa huuma, viungo hulegea, na usingizi humzidi mtu asiweze kufika mlangoni.

Kabla ya kulala jiko litolewe nje. Najua blanketi ni ghali kuliko debe la makaa, lakini watoto wavikwe sweta na soksi, walale pamoja. Ukimkuta mtu amezirai, fungua mlango, mtoe nje upesi, umpeleke hospitali. Maziwa wampayo watu wengine hayaiondoi sumu hiyo.