Kwa Mwendo wa Watoto

Somo: Mwanzo 33:12–17

Huko uliko, ukiwa unawapikia watoto chai, au unafunga kamba za viatu uanze safari ya kwenda Viwandani kwa miguu, nakuomba unipe dakika chache. Leo nitawasimulia habari za baiskeli.

Mwezi wa Agosti, shule zilipofungwa, nilisafiri na vijana saba wa KAYO wa parishi yetu hapa Eastlands kwenda milima ya Usambara, katika nchi jirani ya Tanzania. Huko mjini Lushoto, tangu miaka ya 1990, wako vijana wenyeji ambao kazi yao ni kuwaongoza wageni katika vijiji vya milimani, kwa miguu au kwa baiskeli. Vijana wetu walisikia habari hiyo wakanijia. Mimi nilikubali upesi, kwa sababu nitakayoiungama sasa hivi: nilitaka waone kwamba mchungaji wao mwenye miaka arobaini na mitano bado ana mapafu. Nilipokuwa chuo cha theolojia nilikuwa nikienda kwa baiskeli kila mwisho wa juma kuhubiri katika makanisa ya vijijini. Basi nikajiona mjuzi.

Tulijitayarisha. Kila mmoja aliweka fedha zake kidogo kidogo kwa mweka hazina tangu Januari. Jumamosi alfajiri tulifanya mazoezi katika Barabara ya Jogoo, kabla matatu hazijaijaza, kwa baiskeli za kuazima. Waliotuona walicheka, maana kwetu mtu hupanda baiskeli kwa sababu nauli haipo, hapandi kwa kujifurahisha. Tena Eastlands ni tambarare. Kutoka Jerusalem mpaka Jericho, kwetu, ni dakika chache tu, wala hakuna mteremko kama ule wa Injili ya Luka, ingawa wanyang'anyi sitasema hawapo.

Miongoni mwa wale saba alikuwako kijana mmoja ambaye sitamtaja jina. Anakaa Kaloleni, na kazi yake ni jua kali pale Kamukunji, kugonga bati litoke sanduku. Yeye ndiye aliyemaliza mchango wake wa kwanza, kabla ya wenzake wote. Mweka hazina alimpongeza. Hakuna aliyemwuliza fedha zile amezipataje.

Tulipanda basi Nairobi, tukavuka mpaka Namanga, tukapita Arusha na Moshi na Same, tukashuka Mombo, kijiji cha joto kilicho chini ya mlima. Kutoka hapo barabara hupanda kama kilomita 33 hadi Lushoto, ikizunguka miamba na kupita maporomoko ya maji ya Soni. Tulipofika juu ilikuwa baridi kama Limuru. Jioni tuliingia hotelini kula wali na maharagwe, kila mtu akijilipia chake. Kijana wetu wa Kaloleni akasema hatakula, anafunga. Asubuhi, wenzake wakila chapati kwa chai, akasema bado anafunga. Nami, ndugu zangu, nilisimama katikati ya ile hoteli nikamsifu mbele ya wote. Nikasema, tazameni, wengine wamekuja kutembea, huyu amekuja kumtafuta Mungu mlimani. Akainamisha kichwa. Nikadhani ni unyenyekevu.

Kiongozi wetu alikuwa Msambaa, kijana mpole wa miaka thelathini hivi. Alitugawia baiskeli za gia na kofia ngumu, akakagua breki moja moja, kisha akasema, "Mimi nitakaa nyuma." Nikamwuliza kwa mzaha, "Kiongozi gani huyo akaaye nyuma?" Akanijibu, "Shika njia hii moja tu, Mchungaji, ila kwenye kila njia panda mngojane. Wa mbele hapotei, ana njia mbele ya macho yake. Anayepotea ni wa nyuma."

Nilimsikia, lakini sikumsikiliza. Tulianza kupanda kuelekea msitu wa Magamba, udongo mwekundu, miti mirefu yenye ukungu, nami nikatangulia. Vijana watano wakanifuata. Juu kabisa tukangoja dakika kumi, baridi ikatuuma, nikasema twendeni, hao wawili wako na kiongozi. Mmoja akatufikia upesi. Yule wa saba hakuonekana. Tulipofika Lukozi, sokoni, ambako malori hupakia kabichi na viazi kwenda Dar es Salaam, wakaja hatimaye, yeye na kiongozi. Sisi tulikuwa tumekwisha kula. Yeye akasema atalinda baiskeli.

Baada ya Lukozi nikatangulia tena. Katika kona moja palikuwa na bomba la maji, na mama mzee amesimama na mzigo wa kuni kichwani, na nyuma yake bonde lote, migomba na vishamba vilivyopangwa kama ngazi. Picha nzuri sana. Nikasimama, nikatoa simu, nikampiga picha kwa mbali, nikampungia mkono, nikaenda zangu. Watoto wa pale walitukimbilia wakipiga kelele, "Wazungu! Wazungu!" Tulicheka mpaka tukakaribia kuanguka. Leo ninapofikiri, naona watoto wale hawakukosea sana.

Usiku ule tulilala Rangwi, kwa masista wa Kikatoliki, ambao hupokea wageni wote bila kuuliza dhehebu. Sisi saba tulifika jua lingali juu. Kijana wetu na kiongozi walifika giza limeingia, wakikokota baiskeli, na kiongozi amebeba mifuko yote miwili mgongoni. Nikamkemea yule kijana mbele ya wenzake. Nikamwambia ametutia wasiwasi, ametuchelewesha, na mtu asiyejiweza hakulazimishwa kuja. Akasema, "Samahani, Pasta." Basi.

Baada ya chakula, ambapo masista walimwongezea sahani mara tatu, kiongozi aliniita nje. Akasema, "Mchungaji, uniwie radhi, mimi ni mdogo kwako. Yule kijana hafungi. Hana fedha. Alizotoka nazo kwao aliwaachia wadogo zake wawili za unga, na mchango wa safari alikuwa amekwisha kuutoa, hawezi kuudai. Leo alianguka mara mbili, si kwa sababu ya njia. Tumechelewa kwa kuwa mama mmoja alituita. Alimtazama tu usoni akaniuliza, huyu mtoto mmemlisha? Akatua kuni zake, akawasha moto, akatuchemshia ndizi. Hakutuacha tuondoke mpaka amemaliza kula."

Nikamwuliza ni mama gani. Akasema, yule wa kwenye kona, penye bomba.

Wapenzi, picha yake nilikuwa nayo mfukoni. Nilikuwa nimeitazama jioni ile na kuwaonyesha masista. Mimi nilimwona mama yule kuwa ni mandhari. Yeye alimwona mtoto wangu kuwa ana njaa. Kijana huyo nilimfundisha mwenyewe darasa la kipaimara, nami nimempa Meza ya Bwana kwa mikono hii kwa miaka minne.

Sikulala vizuri. Nilifungua Mwanzo sura ya 33, pale ndugu wawili wanapokutana baada ya miaka mingi. Esau ana watu mia nne, ana haraka, anasema twende, mimi nitakutangulia. Yakobo anakataa kwa adabu. Anamwambia kaka yake kwamba watoto bado ni wachanga na mifugo inanyonyesha, na kwamba wakiswagwa kwa nguvu siku moja tu kundi lote litakufa. Wewe tangulia, mimi nitakuja polepole, kwa mwendo wa wanyama walio mbele yangu na kwa mwendo wa watoto.

Najua watakaoniandikia barua. Watasema Yakobo alikuwa anamkwepa kaka yake, maana alisema atakwenda Seiri, kisha akaenda zake Sukothi. Ni kweli, Yakobo alikuwa mjanja mpaka siku hiyo. Lakini hata mjanja huyo aliijua hali ya watoto wake. Na liko jambo jingine ambalo nililisoma miaka mingi bila kuliona. Siku hiyohiyo, alfajiri, Yakobo alikuwa ametoka Penieli akichechemea. Yule asemaye nitakwenda kwa mwendo wa watoto, yeye mwenyewe ana nyonga iliyoteguka. Asubuhi yake nilipoinuka kitandani magoti yangu yalikataa kukunja, nikamwelewa Yakobo kuliko walimu wangu wote walivyonieleza.

Siku ya pili nilimwita yule kijana kando nikamwomba msamaha. Kisha nikarudi mbele ya wenzake nikaomba tena, maana nilimkemea hadharani. Kuomba msamaha chumbani kwa kosa la barazani ni ujanja wa sisi wakubwa. Sababu ya njaa yake sikuitaja. Hiyo ilikuwa yake mwenyewe. Chakula cha siku zote zilizobaki kikatoka katika mfuko mmoja. Kiongozi akapanga upya: wa mwisho awe wa mbele, na mtu asimpite.

Tukaenda polepole kuelekea Mtae. Na kwa kuwa tulikwenda polepole, tulianza kusalimiana na watu. Mzee mmoja aliyekuwa akipalilia maharagwe alituuliza, "Mnakwenda wapi?" Tukasema Mtae. "Kuna msiba?" Hapana. "Mnakwenda kuuza nini?" Hatuuzi. Akaegemea jembe lake akatutazama, watu wanane wenye kofia ngumu. "Basi hao Mtae wamewaita?" Kiongozi akamwambia, "Wanatembea tu, babu." Mzee akasema poleni sana.

Ndipo kiongozi alipotueleza habari za vile vishamba vya ngazi. Kuanzia mwaka 1946 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Usambara kulima kwa matuta ili mvua isichukue udongo. Udongo kweli ulikuwa ukienda. Katika hilo hawakusema uongo. Lakini watu waliswagwa kwa amri na faini, akina mama wakavunjika migongo, mwishowe wakakataa, na mwaka 1957 mpango ule ukaachwa. Leo wapo wanaolima kwa ngazi bila kuamriwa na mtu. Nilimkumbuka pia Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa CMS aliyekaa Rabai, ambaye mwaka 1848 alitoka pwani kwa miguu akapanda milima hiyohiyo hadi Vuga kumwona Mfalme Kimweri, kisha akarudi tena mwaka 1852. Kwa mwendo ule lazima alisalimiana na watu wengi.

Tuliporudi Nairobi nilikwenda Kaloleni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia katika nyumba ile, chumba kimoja cha mabati nyuma ya nyumba ya wenyewe. Mama yao alifariki mwaka 2020. Wadogo zake wawili walikuwa wanaandika kazi ya shule juu ya sanduku la bati alilolitengeneza yeye. Nyumbani kwangu nikafungua daftari la parishi nisome nilivyomwandika. Maneno ni ya mkono wangu: "Hufanya kazi jua kali. Mwaminifu. Hana tatizo."

Sasa baada ya ibada ya pili tunapika githeri, sufuria mbili, zikisimamiwa na Umoja wa Akina Mama. Sitawadanganya kwamba wote wamefurahi. Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu, aliniambia watu watakuja kwa ajili ya githeri. Nikamjibu, ni kweli, wako waliokuja kwa ajili ya githeri. Tatizo langu ni kwamba wanakaa benchi moja na wale wanaosema wanafunga, na macho yangu, kama mlivyosikia, si ya kutegemewa. Fedha za Desemba hatujui zitatoka wapi. Tunaendelea kuzungumza, na mara nyingine tunazungumza kwa sauti kubwa.

Nilipoandika hotuba hii nilimpelekea yule kijana pale Kamukunji aisome kwanza, maana habari ni zake. Aliisoma amekaa juu ya sanduku, nyundo mkononi, kelele za bati pande zote. Akaniruhusu kwa masharti mawili. La kwanza, nisimtaje jina. La pili, niseme na mwisho wa safari, ili msikilizaji asidhani alirudishwa kwa gari. Nimekubali yote mawili. Mtae tulifika saa tisa alasiri, pale mlima unapokatika ghafula na nyika ya Mkomazi inaonekana chini mpaka macho yachoke. Yeye alifika wa kwanza. Mimi nilifika wa nane, pamoja na kiongozi.