Kutoka Shimba Hills hadi Wodi ya Saratani: Sumu ya Mti Inavyogeuka Dawa



Mwaka 1976, shehena kubwa ya mti uitwao kitaalamu Maytenus buchananii ilikatwa Shimba Hills, kule Kwale, kwa ajili ya watafiti wa saratani wa Marekani. Walichokuwa wakikitafuta ni maitansini, kemikali ambayo Morris Kupchan na wenzake waliitangaza mwaka 1972 baada ya kuipata kwenye mti wa jamii hiyo kutoka Ethiopia. Ilibidi miti iwe mingi, maana kilo nzima hutoa miligramu chache mno.

Seli ikitaka kugawanyika, huunda nyuzi kwa protini iitwayo tubulini. Nyuzi hizo huvuta kromosomu, nusu huku, nusu kule. Maitansini huishika tubulini, nyuzi zisiundike. Seli hukwama katikati ya kazi, hatimaye hufa. Paklitakseli, iliyotokana na gome la mti wa Marekani na inayotibu saratani ya matiti hadi leo, huzikaza nyuzi zisiachie. Mwisho wa seli ni ule ule.

Maabarani, maitansini ilikuwa kali ajabu. Kwa wagonjwa ilishindwa: walitapika, waliharisha, neva zao ziliumia, na nafuu ilikuwa haba. Majaribio yakaachwa. Hapa naomba tutulie, kwa kuwa ndipo mazungumzo yetu kuhusu miti shamba yanapopotoka. Tukisikia mmea fulani umeua seli za saratani, tunashangilia. Hata spiriti huziua zikiwa kwenye kisahani. La kuuliza ni kama mmea huo utaiua seli ya saratani na kuiacha ile ya utumbo.

Jibu lilichukua miongo kadhaa. Saratani za matiti zipatazo asilimia 15 hadi 20 huwa na protini ya HER2 kwa wingi juu ya seli zake. Watafiti walichukua trastuzumabu, kingamwili inayoitambua HER2, wakaifungia maitansini iliyorekebishwa. Kingamwili hunasa kwenye seli, seli huimeza na kuimeng'enya, na sumu hufunguka humo ndani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kwa wanawake ambao saratani yao ilikwisha kusambaa, nusu ya waliopewa dawa hii waliishi zaidi ya miezi 30. Kwa wenzao waliopata tiba iliyokuwa ikitumika, ilikuwa miezi 25. Marekani iliidhinisha dawa hiyo Februari 2013.

Miti yetu ina dawa, sina shaka, na naumia kuona misitu inafyekwa kabla hatujaichunguza. Lakini hakuna chungu cha mizizi kinachoweza kuifikisha sumu kwenye seli ya saratani peke yake.

Kwa hiyo, mama yangu, dada yangu, ukipapasa titi ukakuta kivimbe, nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Kama unakunywa dawa ya miti, mwambie daktari ni ipi na kiasi gani. Nanyi madaktari, msiwagombeze, wasikilizeni, muandike.