Mtungi wa Gesi na Hesabu ya Barafu

Msikilizaji, muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo pale Kariakoo akiambiwa ugonjwa unaweza kutibiwa kwa kugandishwa, atadhani hizo ni habari za Ulaya. Kumbe tiba hiyo ipo hapa nchini kwa miaka mingi. Muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi. Penye mabadiliko ambayo hayajawa saratani hugeuka peupe. Ncha ya chuma iliyopozwa kwa gesi hupagandisha dakika 3, pakaachwa payeyuke dakika 5, kisha tena dakika 3. Kisu hakuna, na mama hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Kwenye saratani ya tezi dume au figo kazi ni ngumu zaidi, maana bonge la barafu huota ndani, kwenye ncha za sindano. Ukingo wa bonge hilo uko karibu na nyuzi 0, na hapo seli nyingi hupona. Mauaji ya uhakika hutaka nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa hiyo kompyuta hukokotoa mapema sindano zikae wapi.

Ni ufundi mzuri, na siku moja hospitali ya saratani ya Ocean Road wautumie. Lakini kwetu, hata kwenye mlango wa kizazi, kinachokwamisha ni mtungi wa gesi: ghali, mzito, na gesi huisha foleni ikiwa bado ndefu. Ndiyo maana kifaa cha kuunguza kwa joto, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikitolea mwongozo mwaka 2019, nakipigia debe kwanza. Hakihitaji gesi kabisa.