Picha ya Mto Iwe Ushahidi
Wengi wetu twakaa kando ya Mto Nairobi. Maji ya choo yanayomwagwa humo hayaishii kwetu: huingia Mto Athi, yakateremka mpaka Sabaki na bahari ya Malindi. Njiani kuna wenye mashamba na ng'ombe.

Mimi nilipeleka picha katika ofisi fulani. Maji meusi tu. Karani akauliza, "Huu ni mto gani?" Nikanyamaza.

Basi, mdomo wa bomba uonekane pamoja na daraja au jengo linalojulikana. Piga maji ya juu ya bomba, kisha ya chini yake. Rudi siku nyingine, usimame palepale, maana watasema ilikuwa ajali ya siku moja. Andika tarehe na saa. Picha ya kwanza usiifute katika simu. Korti itauliza imetoka wapi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 chakuruhusu kushtaki hata kama hukuumia wewe.

Lakini nyuso za wenzetu wanaofanya kazi penye bomba zisitokee. Amri si yao, na watakaofukuzwa ni wao.