Kifafa na Vifuko vya Tegu: Ugonjwa Adimu Hutambuliwaje Unguja?

Mazungumzo kwa kamati za afya za shehia



Mada ya leo ni ugonjwa ambao wengi waliohudhuria hapa hawajawahi kuuona. Tegu wa nguruwe huishi katika utumbo wa mwanadamu na kufikia urefu wa mita kadhaa. Huleta maradhi ya namna mbili, na watu wengi huyachanganya. Ya kwanza humpata aliyekula nyama ya nguruwe isiyoiva vyema, yenye vifuko vya tegu. Tegu hukua tumboni mwake, na mara nyingi mwenyewe hana habari. Ya pili humpata aliyemeza mayai ya tegu. Mayai hayo hutoka katika kinyesi cha mtu mwenye tegu, yakafika kinywani mwa mwingine kwa mikono isiyosafishwa, kwa maji au kwa mboga mbichi. Watoto wa tegu husafiri katika damu hadi kwenye misuli, macho au ubongo, na huko hujijengea vifuko vidogo vyenye maji. Kifuko cha ubongoni kinaweza kukaa kimya kwa miaka mingi. Kinapoanza kufa, sehemu ya ubongo inayokizunguka huvimba, na mtu huanguka kifafa.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa, katika maeneo mengi ambako watu huishi pamoja na nguruwe wanaozurura, takriban asilimia 30 ya kifafa huhusiana na vifuko hivi. Tanzania Bara inayo maeneo ya aina hiyo, na watafiti wameuchunguza ugonjwa huu Mbulu, Kongwa na Mbozi. Hapa Unguja nguruwe ni wachache mno, na kifafa huwa na sababu nyingine: majeraha ya kichwa, homa ya uti wa mgongo, matatizo wakati wa kuzaliwa, kiharusi, na wakati mwingine sababu isiyojulikana. Uchache huo wa ugonjwa ni neema. Hata hivyo, humwekea mpimaji mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni kuamini kipimo cha damu peke yake. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kipimo kinachowagundua wagonjwa 95 katika kila 100, na kuwatoa wazima 95 katika kila 100. Katika kijiji cha watu 1,000 chenye wagonjwa 200, kipimo hicho kitawaonyesha wagonjwa 190, na wazima 40 watahesabiwa kimakosa kuwa wagonjwa. Jibu la "ndiyo" hapo lina uzito. Sasa kipimo kile kile kipelekwe mahali penye mgonjwa 1 tu katika watu 1,000. Kitamwonyesha huyo mmoja, na pamoja naye wazima wapatao 50. Kipimo hakikubadilika, kilichobadilika ni mahali. Tena, kingamwili katika damu huweza kuonyesha kwamba mtu aliwahi kukutana na mayai zamani, au kwamba ana minyoo ya jamii nyingine. Kwa upande mwingine, mwenye kifuko kimoja tu ubongoni huenda damu yake isionyeshe chochote. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua.

Mtego wa pili ni kusema, "Huyu hali nguruwe, basi hawezi kuwa nao." Mwaka 1992 watafiti walichapisha taarifa ya wagonjwa wanne huko New York, wa jamii ya Mayahudi wanaoshika sana dini, ambao nguruwe ni haramu kwao. Wote walikuwa na vifuko ubongoni. Uchunguzi ulielekeza kwa wasaidizi wa nyumbani waliotoka nchi zenye ugonjwa huo, ambao huenda walibeba tegu bila kujua. Kisa hicho hakimpi mtu ruhusa ya kumtuhumu mgeni. Mwenye tegu hutibiwa kwa dawa, aghalabu kwa dozi moja. Na Muislamu anayeambiwa ana vifuko hivi hajaambiwa kwamba amekula haramu. Ameambiwa kwamba alimeza mayai yasiyoonekana kwa macho.

Basi njia ya kuukwepa mitego yote miwili ni kufuata mpangilio. Kwanza ni masuala: kifafa kilianza lini, mgonjwa amewahi kuishi wapi, na nani nyumbani amewahi kutoa vipande vya tegu chooni? Pili ni picha ya ubongo, ambayo hupatikana kwa rufaa kutoka kituo cha afya. Damu huja baada ya hayo, ili kuunga mkono kilichoonekana. Ikithibitika, hupimwa pia vinyesi vya wanaoishi na mgonjwa.

Tiba nayo haitaki haraka. Kwanza hudhibitiwa kifafa. Vifuko vilivyokwisha kufa na kugeuka chokaa havihitaji dawa ya minyoo. Vilivyo hai hutibiwa chini ya uangalizi wa hospitali, pamoja na dawa za kupunguza uvimbe, kwa sababu kuviua ghafla kunaweza kuleta kifafa kikali. Hili linagusa kazi ya kila shehia, kwani prazikwanteli inayogawiwa katika skuli na majumbani dhidi ya kichocho ndiyo hiyo hiyo inayoua vifuko vya tegu. Dawa hiyo ni salama kwa watu walio wengi na isikataliwe. Lakini mwenye kifafa, khasa aliyewahi kuishi maeneo yenye ugonjwa, amweleze mgawaji kabla ya kumeza, ili apelekwe kwanza kwa daktari.

Kwa wajumbe wa kamati, kazi iliyobaki ni moja. Mtu mzima anayeanguka kifafa kwa mara ya kwanza, awe mwenyeji au mgeni, asiachwe nyumbani kwa kudhaniwa ana shetani, wala asinunuliwe dawa ya minyoo dukani. Afikishwe kituo cha afya, na aliyemshuhudia akianguka afuatane naye, kwa kuwa maelezo yake ndiyo mwanzo wa uchunguzi.