Mashine ya Mtoto Mchanga Iwe na Wakala Aliye Karibu

Hotuba kwa wakazi na kamati za vituo vya afya, Kitui na Makueni



Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hana mafuta ya kutosha mwilini ya kumtunzia joto, na mapafu yake huenda hayajakomaa. Joto lake linapaswa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka sana, maisha yake yamo hatarini hata kwenye joto la Kibwezi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai nchini, 21 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Lengo la dunia ni wasizidi 12 ifikapo 2030.

Vifaa vya kuwaokoa vipo, lakini vingi hutengenezwa ng'ambo. Mtengenezaji hana ofisi Wote wala Kitui mjini. Humtegemea wakala aliye nchini. Wakala ndiye huagiza mashine, hufuatilia kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu, hufundisha wauguzi na huleta vipuri. Mtengenezaji akichagua wakala asiye na fundi wala vipuri, anayeumia ni mtoto aliye wodini.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa katika baadhi ya nchi, ni kati ya asilimia 10 na 30 tu ya vifaa vya msaada vinavyofikia kutumika. Vingine hukosa vipuri, fundi au umeme wa kutegemewa.

Malawi inatoa funzo. Mashine ya Pumani, inayosukuma hewa ili mapafu ya mtoto yasijifunge, ilibuniwa na Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani na kujaribiwa katika Hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre. Utafiti uliochapishwa 2014 ulionyesha kuwa asilimia 71 ya watoto waliotumia mashine hiyo walipona, dhidi ya asilimia 44 waliopewa oksijeni pekee. Baadaye mpango wa NEST360 ulianza Malawi, Kenya, Tanzania na Nigeria, ukiunganisha vifaa, mafunzo na ukarabati.

Tangu 2013, huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na mwananchi ana haki ya kutoa maoni. Katika vikao hivyo, mkazi anaweza kuuliza:

- Wakala wa mashine hii ni nani, na ofisi yake iko wapi?
- Vipuri vimewekwa nchini, au huagizwa ng'ambo kila mara?
- Waranti ni ya muda gani, na fundi hufika baada ya siku ngapi?
- Mashine inastahimili vumbi na umeme unaopotea?

Iko pia huduma isiyohitaji wakala. Ni ya kangaruu, iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwaka wa 1978: mtoto hulazwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, kwa saa nyingi. Baba au nyanya anaweza kumpokea mama anapopumzika. Mtoto aliyeshindwa kupumua, hata hivyo, bado atahitaji mashine.

Mashine haijafika wodini kwa sababu tu picha zimepigwa siku ya kuipokea. Imefika ikiwa mtoto wa mia moja ataikuta ingali inafanya kazi.